Kilo zilizopotea wakati wa giza: kisa cha karani wa dagaa na tachipadi yake

Laptopu ililetwa mezani kwangu Kirumba, Mwanza, Jumatatu jioni, ndani ya mfuko wa salfeti, na aliyeileta hakuwa karani anayeitumia bali tajiri wake. Ni mzee anayenunua dagaa wakavu kutoka Ukerewe na Kome, akawauza kwa wafanyabiashara wanaowapeleka mbali, wengine mpaka Kongo. Ghala lake liko Mwaloni. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti na kusema bila kuzunguka: "Kijana wangu, niambie jambo moja tu. Hii mashine inapoteza namba yenyewe, au kuna mtu ananiibia kupitia humo?"

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu jibu la swali hilo lilibeba ajira ya mtu, na kwa sababu mafundi wawili walioishika mashine kabla yangu hawakumuuliza mtu huyo lolote.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kila mzigo ukifika ghalani hupimwa, na mpimaji huandika kilo kwenye kikaratasi. Karani hukusanya vikaratasi na kuviingiza kwenye jedwali la Excel: tarehe, mtumbwi, kilo, bei, jumla. Kwa miezi miwili kilo za kwenye jedwali zilikuwa chache kuliko fedha zilizotoka kuwalipa wenye mzigo. Ghala lenyewe halikuweza kutoa ushahidi, maana dagaa huendelea kupungua uzito wakikauka na magunia huingia na kutoka kila siku. Machoni pa tajiri, fedha ilikuwa imelipwa kwa dagaa ambao hawakuonekana. Mwezi wa kwanza alinyamaza. Mwezi wa pili alimkata karani sehemu ya mshahara.

Upungufu huo ulikuwa na majira. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza: huvua usiku usio na mwezi, taa zikiwavuta samaki juu, na mbalamwezi ikiwa kali wengi wao hupumzika. Kila giza lilipoingia kilo zilipotea kwa wingi. Kila mbalamwezi zilipotea chache. Wapagazi wakaanza kusema mashine imetupiwa kitu. Tajiri hayo hakuyaamini, ila aliwaza lililo baya zaidi, kwamba mwizi husubiri siku zenye fedha.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya. Makosa yakarudi siku iyo hiyo. Wa pili alisema tachipadi, kile kibao cha kugusa mbele ya kibodi, imekufa, wanunue mausi. Wakanunua. Makosa yakaendelea mausi ikiwa imechomekwa, jambo lililomfanya tajiri azidi kuamini kwamba mashine haina kosa. Baadaye nitaeleza kwa nini dawa hizo mbili zisingeweza kufanya kazi, kwa sababu ukielewa kushindwa kwake umeelewa nusu ya kisa.

Namba zilizokatwa katikati

Sikuifungua mashine. Nilimwomba tajiri aniletee vikaratasi vya giza lililopita, bado vimefungwa kwa mpira, nikakaa navyo jioni mbili nikivilinganisha na jedwali, mstari kwa mstari. Kazi hiyo inachosha, lakini sijui njia nyingine ya haki. Ukianza kwa kumchunguza mtu, utaona unachokitafuta.

Mfano ulionifungua macho ni huu. Kikaratasi kinasema kilo 1,264. Kwenye jedwali, mstari wake una 12. Mistari sita juu yake, palipotakiwa kuwa na kilo 870 za mtumbwi mwingine, pana 64. Nilizitazama namba hizo mbili kwa muda kabla ya kuziweka pamoja kwa sauti: kumi na mbili, sitini na nne. 1264. Hakuna kilichoibwa hapo. Namba imekatwa katikati, kipande cha pili kikaenda kuangukia namba nyingine na kuifuta. Mkato mmoja umeharibu mizigo miwili: kilo 2,134 zimegeuka kuwa 76.

Baada ya hapo niliacha kutafuta namba pungufu, nikaanza kutafuta vipande. Katika vikaratasi 340 vya giza hilo nilipata mikato 17. Nikaomba na vya mbalamwezi iliyofuata: vikaratasi 71, mikato 4. Hesabu inakaribiana, mkato mmoja hivi kwa kila vikaratasi ishirini. Mwezi haukuwa na neno na mashine. Wakati wa giza kulikuwa na kazi nyingi zaidi, basi, na makosa yaliongezeka pamoja na kazi.

Mambo mawili zaidi yalijitokeza. La kwanza, vipande vilivyopotea havikutawanyika ovyo. Vingi viliangukia eneo moja, katikati ya skrini, na mara tatu viliangukia safu ya jumla, vikafuta fomula na kuacha namba kavu. Mwizi mwenye akili angegusa mizigo mikubwa, au angegusa bei. Huyu alikuwa akigusa mahali, si thamani. La pili nililiona nilipovipanga pembeni vikaratasi vya mikato: karibu vyote vilikuwa vichafu. Maji, magamba, wino uliochuruzika, tarakimu za mwisho zikiwa hazisomeki mpaka uinue karatasi machoni. Wakati huo sikujua la pili lina maana gani. Niliviweka kando tu.

Mashine ikiwa peke yake

Kabla ya kuutazama mkono wa mtu, niliitendea haki na mashine.

Nilianza na umeme, maana hapa mjini umenisumbua mara nyingi. Chaja bandia, au ekstensheni isiyo na waya wa ethi, huweza kuvujisha kelele za umeme mpaka kwenye tachipadi, kishale kikaanza kuruka chenyewe. Dalili yake ni rahisi: ukichomoa chaja, kuruka kunakoma. Nikaijaribu kwa chaja, nikaijaribu kwa betri, kila mara nusu saa nzima, jedwali likiwa wazi na hakuna mkono juu yake. Kishale hakikutikisika.

Kisha betri. Betri ya lithiamu ikivimba huisukuma tachipadi kutoka chini, ikabonyeka yenyewe au ikagoma kubonyezwa. Nililaza rula ya chuma juu yake kutoka upande hadi upande, ikakaa sawa. (Ukikuta imeinuka, usiitumie wala usiichaji mashine hiyo mpaka betri itolewe na anayejua anachofanya. Hilo ni suala la moto.)

Kwa hiyo mashine haikosei ikiachwa. Inakosea ikiwa na mtu. Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kumpa tajiri jibu alilokuwa akilingoja.

Kwenye kiti chake

Alhamisi asubuhi nilikwenda Mwaloni. Karani alinipokea kwa "karibu, fundi" ya mtu aliyekwisha kuchoka, akanifutia kiti kwa kanga. Nilimwambia dada, sikuja kukuhoji, fanya kazi kama kila siku na mimi nitakaa hapa. Nikageuza kiti ili nisione skrini. Nilitaka kuona mikono tu.

Laptopu ile ni ya inchi 15.6, yenye vitufe vya namba upande wa kulia wa kibodi. Karani huandika namba kwa mkono wa kulia, haraka sana, bila kutazama vitufe. Mkono wa kushoto hushika furushi la vikaratasi, na kwa kuwa meza ni finyu na nusu yake imekaliwa na daftari la mpimaji, mkono huo hukaa juu ya laptopu yenyewe, mbele ya kibodi. Akimaliza kikaratasi, gumba la kushoto hukisukuma nyuma ya furushi na kufungua kinachofuata.

Vikaratasi safi vilipita bila tatizo. Kikaja kimoja kilicholowa. Aliandika tarakimu mbili, akasita, akainua furushi karibu na macho, akalishusha kidogo kulielekeza kwenye mwanga wa mlango, na hapo ncha ya gumba ikagusa kona ya tachipadi na kunyanyuka. Kugusa tu, kama inzi anavyotua. Hakusikia chochote, wala hakuona chochote, maana macho yalikuwa kwenye karatasi. Akaandika tarakimu mbili zilizobaki, akabonyeza Enter.

Nikamwomba asimame hapo hapo. Tukatazama skrini pamoja. Tarakimu mbili za mwanzo zilikuwa mahali pake. Mbili za mwisho zilikuwa mistari minne juu, chini ya kishale kilipokuwa kimelala tangu asubuhi, juu ya kilo za mtumbwi mwingine.

Hakusema neno. Alitazama gumba lake, akalipangusa kwenye kanga, kisha akafungua kwenye simu picha ya karatasi ya mshahara wa mwezi uliopita, ile iliyokatwa, akanionyesha. Ndivyo nilivyokiona kwa mara ya kwanza kile kiasi alichokatwa.

Kidole kisichobonyeza

Tachipadi haisubiri uzito. Chini ya uso wake kuna mtandao wa nyaya nyembamba wenye uga wa umeme, na kidole kikikaribia kinaubadilisha uga huo. Mashine husoma mabadiliko hayo na kujua kidole kiko wapi. Ndiyo sababu ncha ya gumba isiyo na nguvu yoyote inahesabika sawa na kidole kilichokusudia. Juu ya usomaji huo imewekwa kanuni: kidole kikishuka na kunyanyuka upesi bila kusogea, huo ni mbofyo. Huo ndio mguso, na ni kitu tofauti kabisa na kubonyeza tachipadi mpaka ilie. Watu wengi, mafundi wakiwemo, huvichukulia kuwa kitu kimoja.

Excel nayo ilifanya kazi yake sawasawa. Ukiwa katikati ya kuandika namba na mbofyo ukaangukia kisanduku kingine, huifunga namba uliyoanza kama ilivyo na kukuhamishia kule. Tarakimu inayofuata inaandikwa upya pale, na kilichokuwamo kinafutika. Ndiyo maana kila mkato uliua namba mbili.

Sasa zile dawa mbili. Windows mpya huja na mguso ukiwa umewashwa, kwa hiyo kuipiga upya kulikuwa ni kuuwasha mguso upya. Kwenye kompyuta za Apple huja ukiwa umezimwa, na kwenye mifumo mingi ya Linux programu ya libinput inayoendesha tachipadi nayo huuanza ukiwa umezimwa, ingawa mfumo unaokaa juu yake unaweza kuuwasha. Laiti Windows nayo ingeanza hivyo. Kuhusu mausi, Windows huiacha tachipadi ikiwa hai hata mausi ikichomekwa, mpaka wewe mwenyewe uondoe tiki kwenye kisanduku chake. Dada huyu alikuwa na mausi mkono mmoja na tachipadi iliyo macho chini ya mkono mwingine.

Na kwa nini haya hayakutokea kabla ya miezi hiyo miwili? Nilimuuliza. Zamani walikuwa na laptopu ndogo ya kizamani, tachipadi yake upana wa vidole vitatu hivi, na vitufe viwili chini yake. Ilipokufa tajiri alinunua hii. Tachipadi zilianza kuenea kwenye laptopu badala ya mpira wa kuviringisha tangu mwaka 1994, Apple walipotoa PowerBook 500, na kwa miaka mingi zilibaki ndogo. Tangu hapo zimepanuka, vitufe vikamezwa ndani, na uso wote sasa unapokea amri. Mkono wake haukubadilika. Kilichobadilika ni kilichokuwa chini yake.

Nilichozima

Jaribio langu la kwanza halikutosha. Windows ina kinga dhidi ya jambo hili hili: baada ya kitufe cha kibodi kubonyezwa, tachipadi huipuuza miguso kwa kitambo. Ukali wa kinga hiyo hufuata kiwango cha wepesi wa tachipadi, chenye ngazi nne, na mashine huja ikiwa kwenye ngazi ya kati. Nikaishusha hadi ya chini kabisa, nikaondoka nikiamini nimemaliza. Jumamosi karani alinipigia: "Kaka, mkato umerudi. Mmoja tu, lakini umerudi."

Hapo ndipo vile vikaratasi vichafu vilipopata maana. Kinga huhesabu tangu kitufe cha mwisho. Anayeandika mfululizo analindwa. Huyu alikuwa akisita, na akisita ndipo gumba linashuka, na kinga ilikuwa imekwisha muda wake. Kikaratasi kibaya kilileta kusita, na kusita kulileta mkato. Kuongeza ukali kulipunguza makosa bila kugusa chanzo.

Kwa hiyo nikauzima mguso wenyewe. Mashine yake ina Windows 11 na maandishi yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo nataja majina kama utakavyoyaona: Settings, halafu Bluetooth & devices, halafu Touchpad, halafu Taps. Kwenye Windows 10 unapitia Devices, kisha Touchpad. Hapo pana visanduku vya tiki. Niliondoa tiki ya kugusa kwa kidole kimoja, ya kugusa kwa vidole viwili, na ile ya kugusa mara mbili na kuburuta. Hii ya tatu ni hatari kwenye jedwali kuliko watu wanavyodhani, maana huweza kukihamisha kisanduku kizima. Niliacha tiki moja, ya kubonyeza kona ya chini kulia kupata menyu, kwa sababu hiyo inadai nguvu na gumba linalopita haliwezi kuifanya kwa bahati mbaya.

Kama mashine ni ya zamani na hivyo visanduku havipo, huenda tachipadi yake inaendeshwa na programu ya mtengenezaji. Utaratibu huu wa kila kitu kukaa kwenye Settings ulianza na Windows 8.1 mwaka 2013, na si kila mashine iliufuata. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, kisha tazama kichupo cha mwisho kulia.

Tachipadi nzima sikuizima. Nimeona mafundi wengi wakifanya hivyo kwa kitufe kimoja cha juu ya kibodi na kuhesabu kazi imekwisha. Siku mausi ikipotea au ikiingia maji, mwenye mashine anabaki hana mkono. Na kwenye meza ya Mwaloni mausi haina hata pa kutembea.

Siku mbili za kwanza karani alilalamika, na alikuwa na haki. Tachipadi ya namna hiyo imeshikwa kwa juu na hubonyea kwa chini, kama ubao wa kuchupia majini. Ukibonyeza karibu na kibodi ni ngumu kama jiwe. Nilikaa naye robo saa: kidole cha shahada kisogeze kishale, gumba la kulia likae ukingo wa chini na kubonyeza hapo tu, kidole kisihame. Mara ya kwanza kishale kilimponyoka. Mara ya kumi na kitu hakikumponyoka tena.

Tajiri kwenye kiti

Maelezo yangu mzee aliyasikiliza kwa adabu na hakuyakubali. Simlaumu. Nilikuwa namwambia kwamba maelfu ya kilo yamekatwa na gumba. Nikafungua nakala ya jedwali, nikaurudisha mguso, nikamwomba akae yeye. Nikampa furushi la vikaratasi mkono wa kushoto, vichafu nikiwa nimevichanganya humo, na kumwambia asitazame skrini mpaka nimwambie.

Alifika kikaratasi cha tisa. Nikamwambia, sasa tazama. Aliutafuta ule mtumbwi, akakuta 9. Kikaratasi kilisema 918. Aliipata 18 mwenyewe, mistari mitatu juu. Aliangalia mkono wake, ukiwa bado umelala palepale, kisha akamwita karani kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, kama anavyoitwa nyumbani kwake.

Ile fedha iliyokatwa ilirudi siku hiyo hiyo, mbele yangu. Jedwali la miezi miwili tulilirekebisha sisi watatu kwa siku tatu, mimi nikisoma vikaratasi, mzee akiviweka alama, yeye akiandika. Tofauti iliyobaki mwishoni ilikuwa ndogo, kikaratasi kimoja kilichochanika ambacho hakuna aliyeweza kukisoma.

Giza lililofuata nilivilinganisha tena vikaratasi vyote, 298. Mkato haukuwapo hata mmoja. Nilikuta kosa moja: kikaratasi kilisema 580, jedwali likasema 850, namba nzima, kwenye kisanduku chake. Pembeni ya mstari ule karani alikuwa ameshaandika kwa mkono wake kwamba tarakimu zimepishana na ataitafuta karatasi ahakiki.